Filimbi Mlangoni kwa Meya

Kila asubuhi Chiriku alitoka nyumbani pamoja na shangazi yake, na kila asubuhi walichelewa. Si kwamba njia ilikuwa ndefu. Kutoka kwao hadi ofisi ya manispaa ungeweza kurusha limau likafika. Tatizo lilikuwa mkono wa Shangazi.

Shangazi alikuwa meya wa mji, na umeya wenyewe aliupata kwa kuwapa watu mkono. Muuza nyanya mkono, fundi viatu mkono, hata mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake alishikwa kidole akaulizwa hali. Siku moja, akili ikiwa mbali, Shangazi aliushika mpini wa baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akautikisa na kuuliza habari za nyumbani.

"Shangazi, hiyo ni baiskeli," Chiriku alimnong'oneza.

"Mwenyewe yuko karibu," alijibu Shangazi bila kutahayari. "Hawa watu wangu, nisipowashika mikono watajuaje kwamba nawapenda?"

Basi kipindupindu kikaingia mjini. Kilianzia mtaa wa bondeni, ambako mvua ilikuwa imesukuma uchafu wa vyoo hadi visimani, na kabla wiki haijaisha vitanda vya kituo cha afya vilikuwa vimejaa. Shule ikafungwa. Chiriku, msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye mdomo wake haukujua likizo, akawa anashinda ofisini kwa Shangazi.

Madiwani waliitwa kikaoni. Bwana afya, mtu mwembamba aliyekaukwa na sauti kwa kurudia neno "sabuni", aliwaeleza hali ilivyo. Diwani wa kwanza akapendekeza iundwe kamati. Wa pili akapendekeza kamati ya kuisimamia hiyo kamati. Wa tatu akauliza kama kutakuwa na kofia.

Shangazi alipiga meza, bilauri zikaruka.

"Kofia haitibu kuhara! Sikilizeni. Maji ya kunywa yachemshwe. Kupeana mikono, basi. Kila mlango wa ofisi na wa soko uwekwe ndoo ya koki na sabuni. Atakayevunja sheria hii atavaa glavu na mabuti, atazibua mtaro wa soko kwa beleshi mpaka adhuhuri. Hata awe nani!"

"Hata awe nani!" wakaitikia madiwani.

Shangazi alifurahi mno. Akaizunguka meza yote akiwapongeza mmoja mmoja, kwa mkono. Bwana afya aliitia mikono yake mifukoni akawa anatazama dari.

Mlango wa ofisi ya manispaa alipewa Chiriku kuulinda. Bwana afya alimvisha filimbi shingoni. "Anayepita bila kunawa, puliza," alimwambia. "Usiangalie sura. Angalia mikono."

Kazi ilimkaa vizuri. Siku ya kwanza alimpulizia karani, akampulizia dereva, akampulizia na fundi viatu aliyenawa vidole viwili tu, eti hivyo ndivyo anavyovitumia. Wote wakaenda mtaroni. Watu wakacheka, lakini wakanawa, na kipande cha sabuni kikawa chembamba kama ukucha.

Siku ya pili Chiriku alitangulia mlangoni, na Shangazi akafika baadaye mbiombio. Njiani alikuwa amekwisha kushika mikono ya nusu ya mji. Akaipita ndoo kama haioni.

"Shangazi, ndo..."

"Nimechelewa, mwanangu!" Akapotelea ndani.

Filimbi ilikuwa mdomoni kwa Chiriku. Mashavu yalikuwa yamejaa upepo. Lakini pumzi ilitoka puani, taratibu, bila kelele. Angempuliziaje shangazi yake, anayemlisha na kumsuka nywele?

Muuza nyanya alikuwa nyuma kwenye foleni, na macho yake hayakuwa na kasoro. "Ahaa! Kumbe sabuni ni ya sisi wa chini! Wakubwa mikono yao hujisafisha yenyewe!" Akapita bila kunawa. Karani naye akapita. Chiriku hakuweza kupuliza. Angewaambia nini? Jioni habari ilikuwa imefika sokoni, na sabuni mpya iliyowekwa kwenye kila ndoo ilibaki kavu.

Siku iliyofuata bwana afya alikuja na uso uliosawijika. Wagonjwa walikuwa wameongezeka. "Na rafiki yako mnayekaa naye dawati moja amelazwa leo alfajiri," alimwambia Chiriku. "Kesho anakuja mkaguzi kutoka wizarani. Akikuta hali hii, atafunga soko." Kisha akauliza, "Filimbi ilikuwa wapi jana?"

"Mdomoni," alisema Chiriku, machozi yakimlenga.

"Ikafanya nini?"

"Ikanyamaza."

Bwana afya hakumgombeza. Alimwekea sabuni nyingine, akaenda zake. Afadhali angegombeza.

Kesho yake gari la mkaguzi lilisimama mbele ya ofisi. Madiwani walijipanga, wawili wakiwa wamevaa kofia. Wachuuzi walijaa uani kusikia kama soko lao litafungwa. Mkaguzi akashuka, suti imenyooka kama ubao. Shangazi akamwendea kwa tabasamu pana, mkono mbele. Mkaguzi naye akautoa wake. Mikono ikakutana.

"Piiiiiiii!"

Hata Chiriku mwenyewe alishtuka. Shangazi aligeuka, na jicho alilomtupia lilikuwa lile la siku ya kuvunja sahani nyumbani.

"Chiriku! Umerukwa na akili?"

Chiriku aliishusha filimbi. "Samahani, Shangazi. Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Lakini ulisema hata awe nani. Ulipiga meza."

"Alipiga!" alipaza sauti muuza nyanya. "Tuliisikia mpaka sokoni!"

Shangazi aliutazama mkono wake kana kwamba kuna mtu aliyeusahau pale. Akawatazama wachuuzi, akamtazama mtoto aliyetetemeka na filimbi yake. Kisha akavua viatu.

"Nileteeni mabuti," alisema. "Na beleshi."

"Mimi ni mgeni hapa," mkaguzi alianza kujitetea.

"Mgeni tutamwonea huruma," alisema muuza nyanya. "Atasukuma toroli."

Akasukuma. Mji mzima ulitaka kuona meya akizibua mtaro, lakini muuza nyanya alikaa na ndoo kwenye lango la soko kama askari: "Hujanawa, huoni!" Foleni ya kunawa ilizunguka soko. Adhuhuri mkaguzi, akiwa ametapakaa tope hadi kwenye tai, alisema hawezi kufunga soko lenye mtaro safi namna ile, hasa baada ya kuusafisha mwenyewe.

Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kupita bila kunawa, na maji yalichemshwa nyumba hadi nyumba. Kidogo kidogo vitanda vikapungua wagonjwa, hadi kikabaki kimoja, na hicho nacho kikatandikwa upya. Rafiki wa Chiriku alirudi, amekonda ila mchokozi vilevile.

Siku shule ilipofunguliwa, Shangazi alisimama mbele ya wanafunzi.

"Watoto wangu, sheria ile niliitunga kwa mdomo nikaivunja kwa mkono. Watu walinicheka kimya kimya, wakaacha kunawa, na wengine wakaugua. Aliyenipenda kweli ni huyu aliyenipulizia filimbi huku akitetemeka. Mkubwa wenu akikosea, mwambieni. Kwa adabu, lakini mwambieni. Na tuendelee kunawa, maana bwana afya hajaiondoa sheria bado."

Watoto wakashangilia. Shangazi, moyo umemjaa, akashuka kwa Chiriku, akamnyooshea mkono wa pongezi.

"Piiiiiiii!"

Shangazi akafumba macho. "Beleshi liko wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya mlango wa darasa, Shangazi," alisema Chiriku. "Nilijua utakuja."