Kijiti Kilichopakwa Masizi

Kengele ya mwisho ya shule ikilia, Corinne hakupitia nyumbani. Alishuka moja kwa moja barabara ya ufukweni, mkoba mgongoni, mpaka kwenye banda refu la mjomba wake Leonard. Kabla hajafika mlangoni alishaisikia harufu ya mwerezi, harufu kali na tamu iliyokuwa imeganda kwenye nywele zake tangu majira ya baridi. Mama yake alimtania kwamba siku hizi hana haja ya kumwita. Akimtaka anafuata pua tu.

Ndani ya banda ulilala mtumbwi. Ulikuwa mrefu kupita basi la shule, na umetoka katika mti mmoja tu, bila kiungo, bila msumari. Mwerezi ule ulikuwa umeshazeeka msituni siku ambayo meli ya kwanza ya Wazungu ilionekana katika maji ya Haida Gwaii, visiwa vya Wahaida pwani ya Kanada. Kila Corinne alipoingia alisimama kidogo mlangoni kabla ya kuweka mkoba chini. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Miguu yake yenyewe ilikataa kuingia mbio.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza kufagia maranda, kisha kunoa tezo, kisha kuchonga. Mjomba Leonard alichonga omo na tezi, sehemu ngumu za mbele na nyuma. Katikati aliwaachia wapwa zake wawili: Corinne upande wa kulia, na Duane, mtoto wa mama yake mkubwa, upande wa kushoto. Wote wawili walikuwa wa ukoo wa Kunguru, ukoo wa mama zao, na kwao Wahaida mjomba ndiye anayemfundisha mtoto kazi.

Anayechonga mtumbwi kwa ndani hawezi kuona amebakiza unene gani. Wazee walilipatia jambo hilo dawa zamani sana. Walitoboa matundu kutoka nje, wakapachika vijiti vyenye urefu uleule, na ncha ya kila kijiti iliunguzwa kwanza motoni mpaka ikawa nyeusi. Mchongaji akiwa ndani anachonga, anachonga, mpaka nukta nyeusi inachungulia. Hapo anaacha. Akipitiliza, weusi unaondoka na kijiti kinabaki cheupe, na hapo ubavu umekuwa mwembamba kuliko inavyotakiwa.

"Ukikiona kijiti," Mjomba aliwaambia siku ya kwanza, "mkono unyamaze."

Alikuwa amewaambia na jambo lingine. Majira ya joto mtumbwi ungevuka mlango bahari wa Hecate kwenda bara, na makafi yote yangeshikwa na watu wazima, isipokuwa moja. Nafasi hiyo moja ingekuwa ya mtoto, na Mjomba angempa yule mwenye mkono anaouamini.

Tangu siku hiyo Corinne aliiota nafasi ile akiwa macho. Duane naye aliiota, ila yeye aliiota kwa sauti.

"Dada, huo upande wako bado mnene kama shavu la sili aliyeshiba samaki," alisema alasiri moja, akichungulia kutoka upande wa pili. "Tukiingia majini tutazunguka palepale mpaka Krismasi."

"Ngoja utaona."

"Nimeshaona. Nimeona sili."

Siku hiyo Mjomba alikuwa amekwenda bandarini. Corinne aliuma meno, akashika tezo kwa mikono miwili, akaanza kuchonga kwa kasi. Maranda yaliruka, yakamwangukia mapajani, yakafunika alipokuwa akichonga. Hakusimama kuyapangusa. Masikio yake yalikuwa yakiisikiliza tezo ya Duane, na kila iliposhuka mara moja, yake ilishuka mara mbili.

Alipochoka akapuliza vumbi. Kijiti kilikuwepo. Kilikuwa cheupe.

Akakigusa kwa kidole, kana kwamba weusi ungeweza kurudi kwa kuguswa. Duane alikuwa amempa mgongo, akipiga mluzi. Corinne akaenda kwenye jiko la kuni lililokuwa pembeni, akajifanya anaota moto, akapaka kidole masizi. Akarudi. Mguso mmoja tu, na kijiti kikafanana na wenzake.

Mjomba aliporudi alipitisha kiganja juu ya ubavu wa kulia, akitazama nukta nyeusi moja baada ya nyingine. Kisha akamgusa mpwa wake begani. "Mkono wako umetulia," akasema. Corinne alikuwa akiyasubiri maneno hayo tangu majira ya baridi, na sasa alikificha kidole chenye masizi nyuma ya mgongo.

Juma moja kabla ya siku ya mvuke, siku ya kuulainisha mti kwa maji ya moto, Mjomba aliwachukua msituni kukata fito za kutanulia mtumbwi. Mvua ilikuwa imekoma, na nyuzi laini za kuvumwani zilining'inia kama ndevu kutoka kila tawi. Walipokwisha kukata, hakuwarudisha kwa njia waliyojia. Aliwaongoza mpaka kwenye kitu kirefu kilicholala chini, kimefunikwa na kuvu la kijani na miche imeota juu yake. Corinne alidhani ni gogo. Kisha akaiona omo.

Ulikuwa mtumbwi. Umbo lake lilikuwa limeshatoka, mbele pamekatwa vizuri, ndani pamefukuliwa nusu. Hakuna aliyekuja kuumalizia. Mjomba alieleza kwa sauti ya chini kwamba waliokuwa wakiuchonga waliacha zana jioni moja, na kabla hawajarudi, ndui ikaingia vijijini. Ndui iliua watu wengi mno, nyumba baada ya nyumba, mpaka vijiji vikabaki na nguzo zilizochongwa zikitazama bahari peke yake. Msitu wa visiwa hivi una mitumbwi mingi ya namna hii. Imelala, inangoja mikono.

Halafu akawasimulia juu ya ile iliyomalizika. Ilipakia familia nzima, wazee kwa watoto, na shehena ya samaki wakavu. Ilipita katikati ya mawimbi yenye urefu wa nyumba, ikashuka kusini mwezi baada ya mwezi, na watu wa mataifa mengine ya pwani walipoiona ikitokea walijua ni Wahaida hata kabla ya kuona nyuso. Manahodha wa meli kubwa zenye mizinga waliegemea ukingoni kuitazama. Wao walikuja na mbao elfu zilizounganishwa kwa chuma. Watu hawa walisafiri ndani ya mti mmoja.

Duane, ambaye mdomo wake haukosi neno, alivua kofia. Corinne aliweka kiganja kwenye ubavu ule wa kale, juu ya alama za tezo. Zilikuwa zimepangika sawasawa, kama magamba ya samaki. Mtu aliyezichonga hakuwa na wa kumsimamia ila mti wenyewe, na hakuharakisha hata pigo moja.

Wakiwa njiani kurudi, Mjomba aliwaonyesha mwerezi mkubwa uliosimama hai, wenye tundu la mraba kifuani. Wazee walitoboa tundu lile kabla ya kukata, ili wajue kama moyo wa mti ni mzima. Huu waliukuta umeoza ndani, wakauacha na maisha yake. Corinne alilitazama tundu lile mpaka akaitwa mara ya pili.

Siku ya mvuke kijiji kizima kilishuka ufukweni, na wageni wakaja kutoka kijiji cha kaskazini. Kulikuwa na samoni wa moshi, mkate wa kukaanga, na mayai ya samaki yaliyoshikana na mwani. Bibi Adeline, mama yake Leonard na mkubwa wa ukoo, aliketi kwenye kiti chake karibu na mtumbwi, blanketi lenye vifungo vya lulu mabegani. Mtumbwi ulikuwa umetolewa bandani na kujazwa maji. Pembeni mawe yaliiva motoni mpaka yakawa mekundu. Yangetumbukizwa ndani, maji yangechemka, mti ungelainika, na mbavu zingetanuliwa polepole kwa fito mpaka mtumbwi upate kifua cha kubebea bahari.

Corinne alisimama upande wake. Akatazama majini. Vijiti vingine vilikuwa vyeusi vilevile, kwa sababu moto uliviunguza. Lakini pale kwenye kijiti chake kilitoka kiwingu chembamba cha masizi, kikapanda taratibu, kikapotea. Chini yake nukta nyeupe ikamtazama.

Hakuna mwingine aliyeona. Mjomba alikuwa ameshabana jiwe la kwanza kwa koleo. Corinne akaifikiria nafasi ya kafi. Akamfikiria Duane na mdomo wake. Halafu akaona ule mtumbwi wa msituni, alama zake zilizopangika, na huu wa leo ukipasuka mbele ya watu hawa wote, au vibaya zaidi, usipasuke leo ila kule katikati ya maji, mama yake na mjomba wake wakiwa ndani.

"Mjomba, ngoja," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ngoja. Kijiti hiki nilikipita. Nikakipaka masizi usijue."

Leonard alisimama na jiwe hewani, mvuke ukimzunguka usoni. Kisha akalirudisha motoni. Hakufoka. Alimtazama mpwa wake, akawageukia vijana. "Toeni maji," akasema.

Ndoo zikaanza kazi na minong'ono ikaanza kazi yake pia. Bibi Adeline akamwita Corinne mbele ya kiti chake, akamwambia awageukie wageni aseme mwenyewe alichofanya, kwa maana aibu iliyosemwa mbele ya mashahidi inaishia hapo, lakini iliyofichwa itamfuata mlango kwa mlango. Corinne akasema, machozi yakimtoka, bila kulitaja shavu la sili wala kumlaumu mtu. Alipomaliza, mzee mmoja wa kaskazini akauliza kama chakula kilikuwa kimebaki. Akaambiwa kimebaki kingi. "Basi sisi tuna haraka gani," akasema, akavuta sahani, na watu wakacheka kidogo, na Corinne akaweza kupumua.

Mjomba alikichomoa kijiti kutoka nje, akachomoa na cha jirani, akaviweka viwili kwenye kiganja cha Corinne. Kimoja kilikuwa kizima. Kingine kilizidi nusu kwa kidogo tu. Akamweleza kwamba mbavu zikitanuka, nguvu yote ingekimbilia pale penye udhaifu, na ubavu ungejikunja kama kadibodi iliyolowa. Dawa ilikuwa moja: kupunguza unene taratibu kuanzia mbali mpaka pale, pasiwe na shimo bali mteremko, na upande wa kushoto ufanyiwe vilevile ili zifunguke pamoja.

Duane akanung'unika kwamba upande wake haukuwa na kosa.

"Mtumbwi hauna upande wako na wa mwenzako," Mjomba akamjibu. "Shika tezo."

Wakachonga mpaka jua likazama, wote watatu, na hakuna aliyeshindana na mwenziwe. Duane alimpa Corinne jiwe lake la kunolea bila kuombwa. "Sili amekonda," akanong'ona, na huo ndio ulikuwa msamaha wake.

Kesho yake matundu yakazibwa kwa vijiti vipya, maji yakajazwa, na mawe yakaiva tena. Safari hii yakatumbukia. Maji yakanguruma, mvuke ukapanda mpaka juu ya paa la banda, wakafunika kwa mikeka, wakangoja, wakaongeza mawe. Mjomba akapachika ufito mmoja, akaugonga polepole. Kisha mwingine. Ndipo mti ukatoa sauti, mlio mzito kutoka tumboni, na Corinne akafumba macho.

Hakusikia mpasuko. Alipoyafumbua aliona mbavu zikifunguka kama mikono ya mtu anayeamka. Na kadiri zilivyotanuka, omo ikaanza kupanda yenyewe, na tezi ikapanda, bila mtu kuzigusa. Kilichokuwa gogo kikawa chombo mbele ya macho yao, kichwa juu, kikielekea baharini kama kinachoijua njia. Bibi Adeline alisimama kutoka kitini, machozi yakimdondoka, akaanza wimbo wa ukoo, na watu wakaupokea.

Mjomba Leonard alikuja kusimama karibu na Corinne, maji yakimtiririka usoni.

"Mti tuliutoboa tukaujua moyo wake," akasema. "Mtu hatuwezi kumtoboa. Hatuna namna ya kumjua isipokuwa aseme mwenyewe. Kukosea pigo moja ni jambo la kila mchongaji, hata mimi nimekosea mengi. Lakini kosa lililofichwa ndani ya chombo linasafiri na watu wote waliomo. Jana ulisema kabla ya jiwe la kwanza. Kumbuka hilo maisha yako yote: sema kabla ya jiwe la kwanza."

Akaweka kiganja chake kipana pale palipopunguzwa. "Nafasi ya mtoto iko hapa. Wewe unapajua kuliko mtu yeyote. Utapalinda."

Mwezi wa saba walivuka. Asubuhi ya pili visiwa vilizama nyuma yao na bara lilikuwa halijatokea, hakukuwa na kitu ila mawimbi ya kijivu yakija kama vilima vinavyotembea, na mtumbwi ukivipanda kimoja baada ya kingine. Corinne aliacha kafi kidogo, akapapasa ubavu kando ya goti lake. Nje ya unene ule wa vidole viwili kulikuwa na bahari yote.

"Vipi huko?" Mjomba akauliza kutoka tezi.

"Pakavu, Mjomba."

"Haya, piga kafi."

Akapiga.