Moshi Usioonekana

Kila asubuhi ya siku ya shule, Jeptoo alimwamsha mdogo wake Kibet, akamnawisha uso na kumfunga kamba za viatu. Mama yao alikuwa muuguzi huko Lokitaung na alirudi nyumbani Kakuma mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Jeptoo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye Kibet alikuwa na mitano. Baba yao, Bwana Cheruiyot, aliwasha gari, akapangusa vumbi kwenye kioo cha mbele kwa kitambaa, kisha akapiga honi mara moja. Watoto wakapanda kiti cha nyuma.

Wakati huo wa kiangazi vioo vilifungwa daima. Kati ya nyumba yao na shule kulikuwa na laga, mto mkavu wa mchanga, na upepo wa Turkana ukivuma pale, mchanga huingia mpaka kwenye meno. Gari likianza tu kwenda, Kibet alisinzia. Watu wa nyumbani walimcheka kwa upole, wakisema mtoto huyu amezaliwa na usingizi wa gari. Jeptoo hakusinzia. Yeye kichwa kilimgonga, kwanza polepole nyuma ya macho, halafu kwa nguvu. Akifika shuleni alikaa kimya darasani, na hadi wakati wa mapumziko maumivu yalikuwa yamepoa.

Hakumwambia mtu. Tangu duka la baba lifungwe, baba alikuwa akitegemea gari hilo kuukuu kubebea watu na mizigo, na mara nyingi alirudi jioni uso umemshuka. Jeptoo alijiambia kwamba kichwa ni jambo dogo. Angevumilia.

Siku moja baba alirudi akitabasamu. Zahanati moja ya Kakuma ilikuwa inatafuta dereva wa kuwapeleka akina mama wajawazito hospitalini Lodwar na kuwarudisha pamoja na watoto wao wachanga. Walikuwa tayari kumpa kazi hiyo, ila gari lilipaswa kupita ukaguzi kwanza, nayo hati ya ukaguzi ifike kwao kabla ya Jumatatu.

"Gari ni zima," baba alisema. "Tutakwenda Lodwar kesho. Shule zimefungwa, tutakwenda sote."

Kesho yake walifika kituo cha ukaguzi kabla ya saa sita. Breki zilikuwa sawa, taa zilikuwa sawa, magurudumu yalikuwa sawa. Kisha mkaguzi akaingiza mpira mwembamba kwenye mdomo wa ekzosi, lile bomba la moshi la nyuma, injini ikiwa inanguruma, akatazama mashine yake kwa muda.

"Mzee, hapa pana shida," akasema. "Gari linachoma petroli kupita kiasi. Hewa yenye sumu inayotoka imezidi kiwango, tena kwa mbali. Siwezi kulipitisha. Tafuta fundi alitazame."

Gereji ya karibu ilikuwa ya mwanamke aitwaye Nakaale, mrefu, ovaroli yake imekunjwa mikono hadi kwenye viwiko. "Ejok," aliwasalimu watoto, akawaonyesha benchi kivulini. Alifungua boneti, akatoa kichujio cha hewa na kukigonga chini. Vumbi likatoka kama unga. Akaweka kichujio kipya, akabadilisha plagi pia, akasikiliza injini.

"Injini ikikosa hewa hula petroli nyingi," alimweleza baba. "Huenda ilikuwa hii. Jaribu tena."

Walirudi kituoni wakapanga foleni. Ilipofika zamu yao, mashine ikakataa tena. Namba zilikuwa zimeshuka kidogo tu.

Baba alisimama kando ya lango akiwa ameshika kiuno. Mtu mmoja aliyevaa kofia ya kitambaa alimsogelea, akazungumza kwa sauti ya chini, lakini kioo cha Jeptoo kilikuwa wazi kidogo na alisikia.

"Mimi nina gari kama lako, zima kabisa. Tunafungua vibao vyako vya namba, tunavibandika kwa langu, linapimwa hilo. Mashine haijui gari la nani. Jioni hii hii unakwenda nyumbani na hati yako."

 Baba alitazama chini, akachora mchanga kwa ncha ya kiatu. "Ngoja nifikirie," akasema. Akarudi kwenye gari, akaketi mbele ya usukani na kuacha injini ikiwaka, akafunga vioo vyote kwa sababu upepo ulikuwa umechafuka. Jeptoo alimwona kwenye kioo kidogo cha juu. Hakuwahi kumwona baba akiwa na uso wa namna ile, kama mtu anayeona aibu kabla hajafanya kosa.

Kichwa kikaanza kumgonga. Akamtazama Kibet, aliyekuwa amelala akiwa amemwegemea. Midomo yake ilikuwa imefifia na jasho limemtoka. Jeptoo akamtikisa. Kibet alifungua macho nusu, akayafumba tena.

"Baba," akasema, "Kibet haamki vizuri."

Baba aligeuka, akaruka nje, akafungua mlango wa nyuma na kumbeba mtoto hadi kivulini. Kwa muda kidogo Kibet alining'inia mikononi mwake kama nguo. Halafu akakohoa, akatapika, akaanza kulia. Baba alimpangusa mdomo kwa shati lake mwenyewe.

"Ni joto," baba alisema, sauti ikimtetemeka. "Ni joto la Lodwar tu."

Jeptoo alijua kwamba angeweza kunyamaza. Angenyamaza, baba angeipata hati, na kesho wangekuwa nyumbani.

"Si joto, baba. Na mimi kichwa kinaniuma. Kinaniuma kila siku tukipanda gari. Nikishuka kinapoa."

Baba alimtazama. "Kila siku? Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoisha, tulipoanza kufunga vioo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilitaka upate kazi," Jeptoo akasema, na hapo machozi yakamtoka.

Baba alimvuta kwake kwa mkono uliokuwa huru, akawakumbatia wote wawili pale mchangani. Yule mtu wa kofia alikuwa akija tena. Baba hakumngoja afike.

"Nenda tu, ndugu yangu," akamwambia. "Gari lako lingepita ukaguzi, na gari langu ndilo lingebeba akina mama na vichanga."

Kwanza walikwenda hospitalini, vioo vyote vikiwa wazi. Daktari alimvalisha Kibet barakoa ya hewa safi, akampima Jeptoo pia, akawauliza maswali mengi. Alisema watoto wamevuta moshi wa gari, aina ambayo haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu, nayo huleta usingizi na maumivu ya kichwa, na ikizidi huua. Waliwekwa hapo hadi jioni. Waliporuhusiwa, walikwenda kwa miguu kulala kwa rafiki wa baba mjini.

Asubuhi baba alilipeleka gari kwa Nakaale na kumsimulia yote. Fundi alisikiliza, kisha akachutama mbele ya Jeptoo.

"Kichwa kinakuuma ukikaa wapi? Mbele au nyuma?"

"Nyuma. Mbele huwa sikai."

"Jana hakuna aliyeniambia hayo," Nakaale alisema. "Nilitafuta ndani ya injini. Leo twende chini."

Aliinua gari kwa jeki na kuliwekea magogo. Akachanganya sabuni na maji kwenye kopo, akampa Jeptoo alishike, naye akalala chali chini ya gari na brashi mkononi. Baba aliwasha injini, ambayo sasa ilikuwa imepoa, na kuziba mdomo wa ekzosi kwa gunia lililokunjwa. Nakaale alipaka povu kwenye bomba sehemu baada ya sehemu. Karibu na injini, mahali pa maungio, povu likachemka na kutoa mapovu makubwa.

"Njoo uone," akaita. Jeptoo akainama. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Nakaale alitoka chini akieleza huku akifuta mikono. Kwenye bomba kuna kifaa kidogo kinachopima moshi na kuiambia injini itumie petroli kiasi gani. Ufa ulikuwa mbele ya kifaa hicho. Hewa ya nje iliingia pale, kifaa kikadhani petroli ni kidogo, injini ikaongezewa petroli bure. Ndiyo maana mashine ya ukaguzi ilikataa. Na moshi uliovuja ulipita chini ya gari hadi nyuma. Akainua zulia la kiti cha nyuma. Pale palikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu, kizibo chake cha mpira kimeanguka nani ajuaye lini. Moshi ulikuwa ukiingilia hapo, miguuni pa watoto.

Baba aliketi kwenye benchi, akaficha uso kwa viganja.

Ufa ulichomelewa, maungio yakawekwa gasketi mpya, tundu likazibwa. Povu lilipopakwa tena, lilitulia. Mchana huo huo mkaguzi aliingiza mpira wake kwenye ekzosi, akatazama mashine, akaitikia kwa kichwa akiwa ameridhika na kugonga muhuri.

Jumatatu baba alianza kazi. Abiria wake wa kwanza alikuwa Akuol, mama wa kutoka Sudan Kusini aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye uchungu ulimshika mapema. Baada ya siku chache baba alimrudisha kutoka Lodwar akiwa na binti mchanga aliyefungwa kitenge cha kijani. Jeptoo na Kibet walikuwa garini, na Kibet hakusinzia hata kidogo. Aliuliza kwa nini mtoto hana meno, kwa nini ngamia wana nundu, na kama mtoto anaweza kula mandazi, mpaka Akuol akacheka na kusema ana swali moja tu la kumuuliza yeye: huchoki?

Jioni ile baba aliketi mlangoni na Jeptoo, wakichambua maharagwe kwenye sinia.

"Nilidhani yule mkaguzi ameniharibia riziki," baba alisema. "Kumbe alikuwa ananiambia ukweli ambao sikutaka kuusikia. Na wewe ulikuwa na ukweli mwingine, ukaunyamazia kwa kunipenda. Mwanangu, maumivu yanayofichwa hayamsaidii anayefichwa. Ningeweza kuwapoteza, huku nikijivuna kwamba nina watoto wasiolalamika. Kitu kikikuuma, niambie. Tutatafuta kinakotoka, hata kama itatugharimu kazi."

Jeptoo aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa nje. Akafikiri kidogo.

"Basi, baba," akasema polepole, "viatu vyangu vya shule vinanibana."

Baba alicheka hadi sinia ikatikisika. Kisha akauvuta mguu wa bintiye kwenye mwangaza wa mlangoni, akaanza kuutazama kidole kwa kidole.