Ratiba ya Kaka Gideoni

Mwaka 1999 shemeji yangu Anyesi, mke wa kaka Gideoni, alikuwa na kibanda cha kuchapa karibu na soko, hapa Dodoma. Lawama ya yaliyompata ni yangu. Nilikuwa nimerudi kutoka Lusaka na cheti cha kompyuta cha wiki mbili, na mdomo wa profesa.

Kazi yake kubwa ilikuwa ratiba za mazishi. Faili lilikuwa moja tu: wafiwa wakija, anafuta marehemu wa jana, anaandika wa leo. Nikamwonyesha ujanja. Nililiweka faili lile kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, ili akiwasha kompyuta asubuhi lifunguke lenyewe.

"Shemeji, kumbe una akili," akasema. Kichwa kikanivimba.

Jumanne lilifunguka likiwa na jina la Mzee Matonya wa Bahi. Anyesi hakukumbuka kuliandika. Saa nne wanawe wakaingia. Mzee alikuwa amefariki alfajiri ile.

Jumatano, Anastazia wa Buigiri. Saa tano ndugu zake wakaja.

Alhamisi nilikuwapo. Kaka alikuwa kwenye benchi, anakunywa chai, mtoto wao wa kwanza mapajani. Kompyuta ikawaka.

Jina lilikuwa lake.

"Litoe," Anyesi akaninong'oneza. "Kabla hajaona."

Nikafuta. Likarudi. Kaka akakohoa.

Nikafungua ile orodha. Kila programu ina kijisanduku chenye alama ya vema. Nikaiondoa ya ratiba. Printa ikaguna, ikatema karatasi moja. Hakuna aliyeiagiza.

Nikachomoa waya.

"Mbona mmenyamaza?" kaka akauliza. "Kuna msiba?"

Jioni kikohozi kilikuwa kimeisha. Nikajisifu miaka mingi. Baadaye sana nikaelewa: kuondoa vema si kufuta. Jina hubaki kwenye orodha. Linasubiri.

Karatasi Anyesi aliificha ndani ya Biblia. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu. Chini iliandikwa: "Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu watatu." Siku ile tulijilazimisha kucheka, maana mtoto alikuwa mmoja.

Wakawa wanne. Tukaacha kucheka.

Jana kaka kanipigia kwa furaha. Binti yake Yudith kajifungua salama, mjukuu wa tatu. Katikati ya kicheko akakohoa.

Anyesi akachukua simu.

"Shemeji," akanong'ona, "nimeifungua Biblia. Pale kwenye tarehe pameandikwa."