Hayumo Chini ya Leso

Nyakio hakujua kusema hapana, na kwa ugonjwa huo huo alipata mpenzi. Alasiri moja, nje ya kibanda chake cha kusukia nywele karibu na steji ya matatu mjini Eldoret, kijana mrefu mwenye shati la samawati lililopigwa pasi likapigika alimwekea mkoba mapajani.

"Sista, nishikie dakika mbili tu. Naingia hapo benki."

Dakika mbili zikawa saa tatu. Wasusi wenzake walifunga wakaenda, yeye yuko pale pale na mkoba wa watu. Kijana aliporudi akihema, alishika kichwa.

"Bado uko? Si ungemwachia askari wa mlangoni!"

"Ulisema nishike. Nimeshika."

Akacheka mpaka Nyakio naye akacheka. Huyo ndiye Obiero, fundi wa mashine za hospitali. Toka siku hiyo akawa akipiga simu kila asubuhi: "Benki yangu imefunguliwa?" Naye humjibu, "Imefunguliwa, mpenzi, lakini wateja ni wengi." Walicheka. Hawakujua wanachekea nini.

Maana wateja walikuwa wengi kweli. Jirani akitaka mtoto ashikwe, ni Nyakio. Kamati ya harusi ikikosa wa kupika, ni Nyakio. Mtu mpole kupita kiasi hupendwa na wote, isipokuwa na wale wanaomngoja nyumbani.

Mwezi wa nane, Obiero alileta watu wake kutoka Siaya: mama yake, anayeitwa Mama Joyline, na baba yake mdogo, Mzee Okumu. Jumamosi wangekwenda Timboroa kwa kina Nyakio, wakulima wa viazi, kuposa. Kwao Nyakio kuna desturi: wasichana hufunikwa leso toka utosini hadi miguuni, wakapangwa mstari, naye mposaji amtambue wake. Akikosea anachekwa na kutozwa faini. Nyakio alikuwa amempa Obiero siri: "Nitatikisa kidole cha mguu. Ukinikosa, nakuacha!"

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, saa moja, gauni lake la kitenge cha kijani limeshamkaa mwilini, mlango wa chumba chake pale Eldoret ukagongwa. Ni Sylvia, jirani.

"Nyakio, aki niokoe. Leo nasimama na bibi harusi, na msusi wangu amezima simu. Unisuke mistari tu. Nusu saa."

Neno lilimfika Nyakio kwenye ulimi, likarudi lilikotoka.

"Keti," akasema.

Mistari ya nusu saa haijazaliwa. Katikati Sylvia akatoa picha kwenye simu, akasema kumbe hii ndiyo nzuri zaidi, na Nyakio akafumua akaanza upya. Mtu huwezi kumwachia kichwa nusu. Saa tano simu ikalia. Ni binamu yake, Ciku.

"Uko wapi wewe? Wageni wako getini!"

"Niko njiani, hapa Burnt Forest," Nyakio akajibu, vidole vyake vimo kichwani mwa Sylvia. "Nafika sasa hivi."

Sylvia alimwona kwenye kioo, akainamisha macho.

Ciku aliamini. Akawaambia shangazi wawafunike wasichana watano, Nyakio ataingizwa kwa mlango wa jikoni. Wageni wakaimbiwa, wakakaa, wakangoja, wakaimbiwa tena. Mwisho Mzee Okumu akasema jua ni kali, kijana achague.

Nyakio alishuka kwenye boda boda saa nane. Nyumbani hapakuwa na wimbo. Leso zote tano zilikuwa chini kwenye nyasi, wasichana wamesimama nyuso wazi, na Obiero katikati yao, suti nyeusi, leso ya mwisho mkononi.

"Tumefunua wote," Mzee Okumu alikuwa akimwambia baba yake Nyakio. "Kama binti hataki, tuambiwe. Hatukuja kulazimisha mtu."

Kisha wote wakamwona. Obiero akamsogelea, akamtoa begani uzi wa rasta, zile nywele za kusukia, akautazama, akaudondosha. Wageni waliondoka bila kula, na baba yake Nyakio akaingia ndani akafunga mlango. Nyakio aliokota zile leso moja moja, akitamani ardhi impokee.

Jumapili mchana simu ililia. Haikuuliza habari ya benki.

"Mama anarudi Siaya kesho," Obiero alisema. "Nimemwambia uliugua njiani, ukapelekwa kliniki. Uje kwangu Pioneer jioni uitikie tu. Nifanyie hili, Nyakio, mambo yaishe."

Aliliona lilivyo rahisi. Kuitikia ndiyo kazi aliyoizoea. Ndipo akawakumbuka wale wasichana watano waliofunuliwa mmoja mmoja mbele ya wazee, na uso ukamwaka.

"Hapana."

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana, babe. Kuja nitakuja. Lakini siji kuwa mgonjwa."

Nyumbani kwa Obiero, Mama Joyline alikuwa amekaa wima kwenye kochi, kitambaa cheupe kichwani. Nyakio alivuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Mama, sikuugua. Nilikuwa namsuka jirani. Nilishindwa kumkatalia, nikawaacha ninyi kwenye jua. Na kwenye simu nikadanganya niko njiani."

Obiero aliangalia sakafu.

"Huyo jirani ni ndugu yako?"

"Hapana, Mama."

"Sasa alikushinda na nini?"

"Naogopa watu wakinikasirikia."

Mama Joyline akamwinamia. "Kwa hiyo sisi ndio ulijua hatutakasirika."

Nyakio akalia. Alilia kwa sababu ilikuwa kweli, na hakuwahi kuitazama.

"Mimi narudi Timboroa mara moja tu," mama akasema alipoona machozi yamepungua. "Jumamosi ijayo."

Obiero akaachia pumzi, akatabasamu. "Asante, Mama! Nyakio, umesikia?"

Nyakio alisikia. Jumamosi ijayo alikuwa ameahidi kusuka wasichana sita wa harusi, na ahadi hiyo ilikuwa ya tangu Juni.

"Jumamosi ijayo siwezi, Mama. Kuna watu nilishawaahidi. Inayofuata, nitalala kwetu tangu Ijumaa."

Obiero alifumba macho. Mama Joyline alimtazama huyo msichana kwa muda mrefu, toka nywele hadi viatu.

"Obiero," akaita, "mletee chai. Huyu sasa naweza kuongea naye."

Nyakio alipokea kikombe kwa mikono miwili. Aibu ilikuwa bado haijamtoka usoni, lakini chai aliinywa yote.