Tiketi ya Mechi Kumi na Moja

Jumapili alasiri duka la kubeti lilikuwa limefurika, runinga sita zikipiga kelele kwa pamoja, na fundi wa feni aligonga kioo cha dirisha la tatu mara mbili kabla hata hajamtazama aliyekaa nyuma yake.

"Mmeniulia tiketi! Hapa imeandikwa imebatilishwa!"

"Kioo hakina kosa, kaka." Dada wa dirishani alikuwa amevaa shati jeupe la kazi na kitambaa cha zambarau kichwani, na haraka hakuwa nayo. "Soma vizuri. Kilichobatilishwa ni mechi moja, uwanja umejaa maji. Odi yake, kile kizidisho cha dau, inahesabiwa moja, kama vile hukuiweka. Zile tatu zilizobaki zinaendelea. Tiketi yako inasubiri, haijafa."

"Kwa hiyo sijaliwa pesa yangu?"

"Bado. Ila kwa timu hizi, utaliwa tu."

Aliliwa kweli, kabla jua halijazama, na akarudi dirishani akicheka. Mtu anayecheka baada ya kuliwa ni wa kuogopwa au wa kupendwa. Dada alichagua la pili, na mimi simlaumu.

Miezi miwili ya mapenzi ikapita kwa simu.

"Malkia wa dirisha la tatu, leo nabashiri utaniambia unanipenda."

"Unaweka tokeo moja tu? Utaumia. Weka nafasi mbili: nitasema nakupenda, au nitakata simu. Lolote likitokea, umeshinda."

"Na ukifanya yote mawili?"

"Nakupenda," dada alisema, na simu ikakatika.

Alimweleza pia sheria ya duka. Mtumishi, mpenzi wake na ndugu wa nyumbani kwake hawaruhusiwi kubeti pale. Ikijulikana, tiketi inabatilishwa yote na mtu anarudishiwa dau lake tu. Fundi akaapa kwamba ameacha. "Nibeti nini tena, mpenzi? Mimi si nimeshashinda?" Maneno matamu, lakini mkono ulikuwa bado unamwasha.

Alikuwa akifanya kazi kwenye banda la mjomba wake, na mjomba hakuchoka kumkumbusha banda ni la nani. Ijumaa akasikia kuna fremu ya duka inapangishwa, kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Angeoaje mtu asiye na hata mlango wake mwenyewe? Siku hiyo dada alikuwa mapumzikoni. Fundi akaenda dirisha la kwanza, akaweka mkeka, tiketi moja ya mechi kumi na moja.

Jumamosi dada alimfuata kazini kumshtukiza, kavaa gauni jipya la manjano. Akamkuta na Meneja wa duka la kubeti, aliyeleta feni iliyoungua.

"Kumbe mnajuana?" Meneja aliuliza.

Fundi aliigusa tiketi mfukoni. "Salamu za dirishani tu, bosi. Mteja na mhudumu."

Dada aligeuka akaondoka. Fundi alipiga simu mara kumi na nne. Ya kumi na tano ikapokewa.

"Umempigia mhudumu," sauti ilisema. "Duka limefungwa."

Jumapili jioni mechi ya kumi na moja ikaisha. Zote zilikuwa zimeingia kama alivyobashiri.

Jumatatu Fundi alisimama kwenye foleni roho mkononi, maana malipo makubwa yalitolewa dirisha la tatu peke yake. Dada aliipitisha tiketi kwenye mashine bila kuinua macho. *Imeshinda.* Kisha akaona tarehe. Ijumaa. Hapo akaelewa kwa nini alikanwa, na kuelewa kulimuuma kuliko kutoelewa. Kumbe hakuonewa aibu. Aliuzwa.

"Hongera, mteja," alisema, na kumsukumia fomu. Meneja alishafika kusimamia. Swali la nne liliuliza: una uhusiano na mtumishi yeyote wa duka hili? Chini yake palikuwa na nafasi ya shahidi kutia sahihi, na shahidi ni mhudumu.

"Jaza," dada alisema kwa sauti kavu. "Jibu unalo, ulilitoa Jumamosi. Nitatia sahihi."

Fundi alishika kalamu. Kodi ya mwaka, mlango wake, jina lake juu ya mlango, vyote vilikuwa kwenye neno moja la uongo alilokwisha kulisema bure.

"Kijana, foleni hiyo," Meneja alihimiza.

Fundi aliandika, akaigeuza fomu. *Ndiyo. Mchumba wangu. Dirisha la tatu.*

Meneja aliisoma mara mbili. "Unajua unachokiandika? Unarudishiwa dau tu."

"Najua, bosi. Jumamosi nilikudanganya."

"Binti, ni kweli haya?"

Dada angeweza kusema hapana. Fundi angelipwa, wangeachana, na kila mmoja angebaki na chake. Alimtazama, akaona jasho limemlowesha hadi kola.

"Tiketi sikuijua," alisema polepole. "Mtu, namjua. Ila uchumba naousoma kwenye fomu leo, meneja. Sijaombwa."

"Nakuomba," Fundi alisema.

"Hapa? Watu wanasubiri kulipwa!"

"Mkubalie bwana, foleni isogee!" mzee mmoja alipaza sauti nyuma.

Dada alibonyeza mashine, tiketi ikasomeka imebatilishwa, akamhesabia dau lake: noti mbili, moja imechanika pembeni. Fundi alizipokea, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi.

Simu ikalia. Alipogeuka, alimwona dada nyuma ya kioo, simu sikioni, foleni kaipa mgongo.

"Mama yupo nyumbani Jumapili," dada alisema. "Uje umeshanyoa."

Fundi alivuta kamasi.

"Wewe, unalia?"

"Kidogo."

"Unanililia mimi au pesa?"

"Pesa," Fundi alisema. "Wewe si ninaye."