Kioo cha Mashine ya Picha

Fundi wa maabara alipofungua chumba cha giza asubuhi, alikuta mashine ya picha imepondwa. Kioo kilikuwa vipande vipande, na taa yake ya leza inaning'inia kwenye waya. Maabara zote za jengo ziliitegemea mashine hiyo: sampuli za damu zilitiwa rangi inayong'aa, nayo ikaonyesha protini iko wapi.

Inspekta aliyekuja alikuwa ametoka zamu nyingine. Aliomba kiti kwanza.

"Mlango haukuvunjwa. Nani ana ufunguo?"

"Kila maabara inao," fundi akajibu. "Na usijisumbue kuuliza. Juzi Profesa alinifokea, nikasema siku moja nitaitupa hii mashine dirishani. Lakini jana jioni nilikuwa hospitali na mke wangu."

Inspekta akapiga simu hospitali. Ilikuwa kweli.

Profesa aliingia na begi mkononi, anatoka uwanja wa ndege. "Ni wale jirani zangu wa maabara ya pili. Tunagombania zamu ya mashine kila siku."

"Sampuli zao ziko wapi?"

Fundi alifungua friji, akashangaa. "Jana niliziacha mezani, kando ya mashine." Zote zilikuwa zimefungwa foili, zisipigwe na mwanga, na kupangwa vizuri. Zilizokosekana ni za binti mmoja, mwanafunzi mtafiti wa Profesa. Hizo zilikuwa mezani, chini ya vipande vya kioo.

Inspekta akafikicha macho. "Aliyevunja hakutaka kumharibia mtu mwingine kazi, ila yake mwenyewe. Niitieni huyo binti."

Binti alikuja, akaketi karibu na mlango.

"Mwanangu, za wenzako umeziokoa, zako umeziacha. Kwa nini?"

"Wenzangu hawajanikosea."

"Nani amekukosea?"

"Profesa ameshatangaza kuwa dawa yetu inaifuta protini ya ugonjwa. Haiifuti. Nimepiga picha mwaka mzima, inang'aa vilevile. Kila nikimwonyesha ananiambia nimekosea, nirudie. Jana aliniandikia nirudie tena, la sivyo hanipi shahada. Na wagonjwa wanaanza kuimeza mwezi ujao. Nikaona bila mashine hakuna kurudia."

"Ungeniambia umechoka," Profesa alisema.

"Nilikuambia. Ukasema nikanywe chai."

Profesa alitazama vile vipande vya kioo. "Picha ya jana ilitoka?"

"Ilitoka kabla sijaivunja mashine. Imo kwenye kompyuta, pamoja na nyingine zote."

Profesa akainuka kuelekea kwenye kompyuta. Inspekta alimtangulia, akachomoa waya ukutani.

"Hii ni kielelezo, Profesa. Picha zote zitatazamwa mahakamani, na daktari wa wagonjwa hao nitampigia leo."

"Kwa hiyo sishtakiwi?" binti akauliza.

"Unashtakiwa, mama. Mashine umeivunja."

Binti akaitikia kwa kichwa, akatangulia ngazini bila kushikwa mkono. Gari la polisi lilipofika getini alikuwa ameshalala, kichwa kwenye dirisha. Inspekta akamwambia dereva apite njia ndefu.