Bwana Harusi wa Sura ya Tisa

Ilianza na harufu. Chumba cha mbele cha mama mmoja na binti zake wawili, mafundi wa kushona, miaka yote kilinuka mvuke wa pasi na mafuta ya cherehani. Mchana ule kilinuka marashi, na kati ya wanawake watatu waliokuwamo hakuna aliyejipaka.

Mama alikuwa akikata vitambaa. Binti mdogo alikuwa akishona pindo. Hata wateja walimwita Kicheko, maana alikuwa mwepesi wa kucheka hata akiwa na pini mdomoni. Dada yake alikuwa akisoma. Ndiyo ilikuwa kawaida ya nyumba hiyo: mmoja anasoma riwaya kwa sauti, wengine wanashona, na sura ikiisha kila mtu anatoa hukumu yake.

Riwaya yenyewe ilimhusu msichana mfinyanzi aliyependwa na mfalme wa majini. Katika sura ya tisa mfalme alimposa, akataka kitu kimoja tu: kicheko cha mdogo wake. Mfinyanzi akakataa, akabaki analia.

Dada akakifunga kitabu kwa kishindo. Mchumba ambaye yeye mwenyewe alimsubiri ujana wake wote alikuwa ameoa kwingine.

"Mjinga huyu," alisema. "Mwanamume kama yule unampata wapi tena? Kicheko cha mtu kina kazi gani? Mimi ningempa, tena ningemfungia vizuri."

"Mama, nagawiwa huku nimekaa hapa," mdogo wake akasema, akaangua kicheko. Kikakatika katikati kama uzi.

Hakucheka tena. Walidhani amenuna. Kisha mteja mmoja mnene akaja na suruali iliyompasukia msibani, akawasimulia alivyotoka kinyumenyume mpaka mlangoni. Mama alicheka hadi akaweka mkasi chini. Kicheko alifungua mdomo, mabega yakamtikisika, machozi yakamtoka, lakini sauti haikuja, na alipotaka kuufunga mdomo ule ilibidi ausukume kwa mkono.

Dada mtu alizidi kunawiri. Kila baada ya chakula cha mchana alijifungia chumba cha nyuma na kitabu chake. Siku moja mama alipita karibu na mlango ule akasikia mwanamume akinong'ona ndani, akasimama, akasogeza sikio, na marashi yakimjaa kooni akasikia kicheko kikianguliwa upande wa pili wa mbao, kirefu, chepesi, kile kile alichokijua tangu kilipokuwa cha mtoto mchanga, ilhali mwenye kicheko alikuwa mbele yake kwenye korido, amekumbatia kitambaa, anasikiliza naye.

Mama akamleta bibi mganga. Mganga alinusa, akauliza nini kilisemwa humo ndani, akaelezwa.

"Jini hakuiba," alimwambia Dada. "Alipewa. Mwangalie mdogo wako, useme huyo jini humtaki. Ataondoka, na kicheko cha mdogo wako atakiacha."

Kicheko alikuwa ameshika upindo wa gauni la dada yake, kama alivyolishika alipokuwa anajifunza kutembea.

"Sema, mwanangu," mama akanong'ona. "Ni neno moja tu."

Dada akafungua mdomo. Akamtazama mdogo wake, akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Halafu mimi nibaki na nani?" aliuliza polepole.

Mganga akakusanya vitu vyake. Alimwambia mama kwamba dawa yake inatoa jini, haitoi mtu.

Siku chache baadaye ile sauti ya kiume iliomba kitu kingine. Iliomba kwa adabu sana, chini chini, hata mama mlangoni hakusikia ni nini. Alisikia jibu tu, la binti yake, halikuchelewa hata kidogo: "Chukua."

Alasiri hiyo Kicheko alikuwa anatunga uzi. Akakosa tundu la sindano. Akaulowesha uzi kwa mate, akaigeuza sindano kwenye mwanga, akakosa tena.

"Dada," alisema, "mbona mmefunga dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Dada akamtungia uzi, akamrudishia sindano mkononi kwa upole, kisha akafungua kitabu na kuuliza walikuwa wameishia wapi.